Transfoma mbili sambamba: kisa cha kiwanda ambacho kVA 1,630 hazikutosha mzigo wa kVA 1,400

Usuli

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha kusaga nafaka kinachopokea umeme wa msongo wa kilovoti 11 na kuushusha hadi volti 400 kwa ajili ya mota zake. Jina la kiwanda, mji kilipo, watengenezaji wa transfoma na watu waliohusika vimeondolewa, na baadhi ya tarakimu zimesogezwa hadi namba za karibu ili msomaji aweze kuifuata hesabu kwa kalamu na karatasi.

Kwa muda mrefu kiwanda kilitegemea transfoma moja ya kVA 1,000 (kVA, yaani kilovolti-ampea, ni kipimo cha uwezo wa transfoma), ambayo tutaiita Transfoma A. Mzigo wa kilele ulikuwa umefika karibu kVA 950 pale uongozi ulipoamua kuongeza mtambo wa pili wa kusaga, jambo ambalo lingeupandisha mzigo hadi kVA 1,400. Ilipatikana transfoma ya kVA 630 iliyokwishatumika katika eneo jingine, ikiwa na mafuta safi na cheti kizuri cha vipimo vya ukinzani wa kihami. Hii tutaiita Transfoma B. Hesabu iliyowekwa mezani ilikuwa ya kujumlisha tu: kVA 1,000 na kVA 630 ni kVA 1,630, kwa hiyo mzigo wa kVA 1,400 ungebebwa na kubaki akiba ya kVA 230.

Vibati vya transfoma zote mbili vilionesha kundi la vekta Dyn11 (alama ya namna koili zilivyounganishwa na pembe kati ya volti za pande mbili) na uwiano wa volti 11,000 kwa 400. Kwenye mstari wa impidansi, kibati cha A kilionesha asilimia 6.25 na cha B kilionesha asilimia 4.0. Tarakimu hizo mbili zilinakiliwa kwenye fomu ya mapokezi, lakini hakuna aliyezitumia kwa hesabu yoyote.

Paneli kuu ilirefushwa ili kila transfoma iwe na breka yake na sehemu yake ya basbaa (pau ya metali inayogawa umeme), na katikati ikawekwa breka ya kuunganisha. Paneli hiyo, pamoja na breka zake, ilitengenezwa kustahimili mkondo wa shoti usiozidi kA 36 (ampea 36,000).

Mfuatano wa matukio

Kabla ya kuunganisha, mafundi walifanya ukaguzi ambao katika mengi ulikuwa mzuri. Walihakikisha mpangilio wa fezi, wakaziwasha transfoma zote mbili huku breka ya kuunganisha ikiwa wazi, kisha wakapima volti kati ya fezi ya upande mmoja na fezi yenye jina hilohilo upande wa pili. Kama fezi zingekuwa zimepishana, au kama makundi ya vekta yangekuwa tofauti, mita ingeonesha mamia ya volti. Ilionesha karibu volti 6 katika kila fezi. Ikilinganishwa na volti 400, tofauti hiyo ilionekana ndogo mno, ikaandikwa kwenye kitabu cha kazi kuwa ni ya kawaida, na breka ikafungwa.

Siku za mwanzo mtambo mpya ulikuwa haujaanza kufanya kazi kwa ukamilifu, na malalamiko pekee yalihusu ammita. Hata siku ambazo mashine zote zilikuwa zimezimwa, ammita ya A na ya B zilionesha mkondo wa karibu ampea 290 kila moja, wakati ammita za laini zinazotoka kwenda kwenye mitambo zilikuwa karibu sifuri. Mafundi wa zamu walihitimisha kwamba ammita zimeharibika, na mojawapo ikabadilishwa. Ammita mpya ilionesha tarakimu ileile.

Mtambo mpya ulipopakiwa kikamilifu, kengele ya joto la mafuta ya Transfoma B ililia saa chache baada ya kuanza zamu ya mchana. Vipimo vya klampu mita vilionesha ampea 1,180 kwa B, ambayo mkondo wake wa juu kabisa kwa mujibu wa kibati ni ampea 909. Transfoma A, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa inabeba ampea 900 tu kati ya 1,443 inazoweza. Kwa maneno mengine, ndogo ilikuwa kwenye asilimia 130 ya uwezo wake huku kubwa ikiwa kwenye asilimia 62. Breka ya B haikukata, kwa sababu ilikuwa imewekwa kwenye ampea 1,250, yaani kiwango cha juu cha breka yenyewe na kebo zake, wala si kiwango cha transfoma iliyokuwa inalindwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuelekeza feni kubwa kwenye B na kupunguza mashine mbili. Hatua ya pili ilikuwa kuishuku B kwamba ni mbovu, na barua ya kuirudisha kwa muuzaji ikaandaliwa. Sampuli ya mafuta na kipimo cha ukinzani wa koili vilionesha kwamba transfoma ilikuwa nzima. Hapo ndipo mhandisi mshauri alipoitwa, na swali lake la kwanza lilihusu mstari wa impidansi kwenye vibati.

Impidansi ilikuwa inasema nini

Asilimia ya impidansi ni kipimo cha kiwandani: koili za upande mmoja hufungwa shoti, kisha volti hupandishwa taratibu upande wa pili mpaka mkondo kamili wa transfoma upite. Ikiwa volti iliyohitajika ni asilimia 4 ya volti ya kawaida, basi impidansi ni asilimia 4. Tarakimu hii hutawala mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani namna transfoma inavyogawana mzigo na jirani yake, na ukubwa wa mkondo utakaomwagika siku shoti itakapotokea kwenye basbaa.

Transfoma zikiunganishwa sambamba, volti ya kuingilia ni moja na ya kutokea ni moja, kwa hiyo kushuka kwa volti ndani ya kila moja lazima kuwe sawa. Mkondo basi hugawanyika kwa kufuata impidansi halisi ya kila transfoma katika omu, na hauangalii kVA zilizoandikwa kwenye kibati. Kwa upande wa volti 400, asilimia 6.25 ya A ni sawa na omu 0.0100, na asilimia 4.0 ya B ni sawa na omu 0.0102. Transfoma ya kVA 1,000 na ya kVA 630 zilikuwa, kwa macho ya mkondo, karibu sawasawa kabisa. Ndiyo maana zingegawana mzigo nusu kwa nusu: kati ya kVA 1,400, A ingechukua karibu 706 na B karibu 694, na B ingezidiwa kwa asilimia 10 hata kama kila kitu kingine kingekuwa sahihi.

Njia nyepesi ya kufika kwenye jibu hilo ni kugawa kVA za kila transfoma kwa asilimia ya impidansi yake. A inatoa 1,000 kugawanywa kwa 6.25, ambayo ni 160. B inatoa 630 kugawanywa kwa 4.0, ambayo ni 157.5. Mzigo hugawanyika kwa uwiano wa namba hizo mbili. Ukitaka kujua kikomo cha jozi nzima, utaanza na ile itakayojaa kwanza: B ikifika 630, A itakuwa kwenye 640, na jumla ni kVA 1,270. Kiwanda hakikuwahi kuwa na kVA 1,630. Kilikuwa na 1,270, na zile 360 zilizobaki ndani ya A hazikuwa na njia ya kutoka.

Ni vyema kusema hapa kwamba transfoma hizi hazikuwa na kasoro. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-5 kinataka impidansi isipungue asilimia 4 kwa transfoma hadi kVA 630, na isipungue asilimia 5 kuanzia hapo hadi kVA 1,250. Ni kawaida, basi, transfoma kubwa kuwa na asilimia kubwa kuliko ndogo. Anayechanganya ukubwa tofauti anapaswa kutarajia kwamba ndogo ndiyo itakayotangulia kujaa.

Zile volti 6

Kutolingana kwa impidansi kunaeleza asilimia 10 ya kuzidiwa, lakini hakuelezi asilimia 30. Sehemu iliyobaki ilitoka kwenye zile volti 6 zilizoandikwa kwenye kitabu kuwa za kawaida.

Transfoma B ilitoka mahali palipokuwa mwisho wa laini ndefu, ambako volti ya kuingilia ilikuwa dhaifu. Ili kuifidia, tapu yake (swichi inayobadilisha uwiano wa koili) ilikuwa imewekwa kwenye volti 10,725 badala ya 11,000, na hakuna aliyeirudisha wakati wa kuihamisha. Kwa hiyo bila mzigo B ilitoa volti 410 wakati A ilitoa 400. Tofauti ya volti 10 kati ya fezi na fezi ni karibu volti 5.8 kati ya fezi na nyutro, na hiyo ndiyo mita iliyoionesha pembeni ya breka iliyo wazi.

Breka ilipofungwa, volti 5.8 zilikuta mbele yake omu 0.0100 za A na omu 0.0102 za B tu, jumla omu 0.0202. Matokeo ni mkondo wa karibu ampea 290 unaotoka B, unapita kwenye basbaa, unaingia A na kurudi, bila kusukuma mota hata moja. Ammita zilizodhaniwa kuwa mbovu zilikuwa zinasema kweli tangu siku ya kwanza. Katika kisa kizima, hili ndilo jambo ninalotamani kila fundi wa paneli alishike: volti chache pembeni ya breka ya kuunganisha zipimwe kwa kuzilinganisha na impidansi ya transfoma, si kwa kuzilinganisha na volti 400.

Mkondo huo wa mzunguko ni wa kiriaktivu (usiofanya kazi halisi) karibu wote, kwa kuwa sehemu kubwa ya impidansi ya transfoma za ukubwa huu ni riaktansi. Mzigo wa kiwanda ulikuwa na pawa fekta (uwiano wa kW, nguvu inayofanya kazi, kwa kVA) ya 0.85. Sehemu ya B, kVA 694, ilikuwa na kW 590 na kVAr 366 (kVAr ni kipimo cha nguvu ya kiriaktivu). Ukiongeza kVAr 198 za mkondo wa mzunguko unapata kVAr 564, na jumla yake pamoja na kW 590, kwa kanuni ya Pythagoras, ni kVA 816. Hiyo ndiyo asilimia 130. Upande wa A, kVAr zilipungua kwa kiasi hichohicho, ikabaki kwenye kVA 625. Kuna alama nyingine iliyokuwepo na haikusomwa: ampea 1,180 za B na 900 za A ni jumla ya 2,080, wakati laini zote zinazotoka zilikuwa zinachukua karibu 2,020. Mikondo miwili ambayo haiendi pamoja kwa awamu daima hutoa jumla kubwa kuliko mzigo wenyewe.

Joto la ziada katika koili hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo mara 1.3 ya mkondo ni karibu mara 1.7 ya upotevu katika koili. Kwa karatasi ya kawaida ya kuhami, mwongozo wa IEC 60076-7 hukadiria kwamba kasi ya kuzeeka huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 6 zinazoongezeka kwenye sehemu yenye joto kali zaidi. Feni iliyoelekezwa kwenye tangi ilipunguza joto la mafuta, lakini haikuondoa chanzo chake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuzima na kuirudisha tapu ya B kwenye volti 11,000, kwa kuwa swichi ya tapu ya aina hii haigeuzwi umeme ukiwa umewashwa. Kipimo pembeni ya breka kilishuka chini ya nusu volti, na ammita zikarudi karibu na sifuri mashine zilipokuwa zimezimwa.

Lilitolewa pendekezo ambalo linastahili kujadiliwa kwa heshima, kwa sababu lina mantiki na huonekana kufanya kazi. Ilisemwa kwamba, ikiwa tofauti ya tapu inaweza kuipa B kVAr za ziada, basi tofauti ya upande wa pili inaweza kuipunguzia: A ipandishwe hatua moja iwe na volti 410 na B ibaki na 400. Hesabu inakubali. Kwa mzigo wa kVA 1,400 na pawa fekta ya 0.85, B ingeshuka hadi karibu kVA 613 na A ingepanda hadi karibu 828, zote ndani ya viwango. Mhandisi alilikataa kwa sababu mbili. Ampea 290 zingezunguka usiku na mchana, mzigo uwepo au usiwepo, na upotevu wake ungelipiwa kila mwezi. La pili ni zito zaidi: nafuu hiyo ilitegemea pawa fekta kuwa mbaya. Kiwanda kilikuwa na mpango wa kufunga kapasita, na pawa fekta ikifika 0.98, kW za B zingekuwa 680 peke yake, na transfoma ingezidiwa tena hadi karibu kVA 683 bila mtu yeyote kugusa tapu. Mpangilio ambao usalama wake unavunjika pale kitu kingine kinapoboreshwa si wa kuachwa mikononi mwa mafundi wa zamu watakaokuja baadaye.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuweka kikomo cha muda cha mzigo, kVA 1,250, chini kidogo ya 1,270. Kikomo hicho kilidumu muda mfupi, kwa sababu hesabu iliyofuata ilibadilisha mwelekeo wote.

Mkondo wa shoti hupatikana kwa kugawa mkondo kamili kwa impidansi. A inatoa ampea 1,443 kugawanywa kwa 0.0625, yaani karibu kA 23. B inatoa 909 kugawanywa kwa 0.04, nayo karibu kA 23. Zikiwa sambamba ni karibu kA 46 kwenye basbaa iliyotengenezwa kwa kA 36. Hesabu hiyo haijahesabu udhaifu wa gridi yenyewe. Ukichukua uwezo wa shoti wa MVA 150 upande wa kilovoti 11, jibu linashuka hadi karibu kA 38, na mota zinazozunguka huongeza mchango wake katika mizunguko ya mwanzo. Aidha, viwango huruhusu impidansi halisi ya transfoma za aina hii kupishana na iliyoagizwa kwa hadi asilimia 10. Kwa vyovyote, paneli ilikuwa imevushwa mpaka wake. Breka inayotakiwa kukata mkondo mkubwa kuliko uwezo wake inaweza kupasuka, na watu hufanya kazi mbele ya milango ya paneli hiyo kila siku. Breka ya kuunganisha ilifunguliwa siku hiyohiyo.

Zilibaki njia tatu. Kubadilisha B kwa transfoma pacha ya A kungetatua mgawanyo wa mzigo, lakini mkondo wa shoti ungebaki karibu kA 46 kwa hesabu ileile. Kununua paneli mpya ya kiwango cha juu kungegharimu fedha na kusimamisha uzalishaji kwa muda ambao uongozi haukuweza kuumudu. Njia ya tatu ilikuwa kuacha usambamba kabisa: kila transfoma ilishe sehemu yake ya basbaa, na breka ya kuunganisha iwe wazi wakati wote wa kawaida. Hii ndiyo iliyochaguliwa.

Matokeo

Laini zilipangwa upya ili upande wa A ubebe karibu kVA 850 na upande wa B karibu 550, yaani asilimia 85 na asilimia 87 za uwezo wao. Transfoma mbili zilezile ambazo zilishindwa kVA 1,400 zikiwa pamoja sasa zinazibeba zikiwa mbalimbali, kwa sababu mgawanyo unaamuliwa na mpangilio wa laini badala ya omu za koili. Kengele ya joto haijalia tena kwa sababu ya mzigo. Breka tatu zilifungwa kufuli zenye funguo mbili tu, hivyo kwamba haiwezekani zote tatu kuwa zimefungwa kwa wakati mmoja. Transfoma moja ikizimwa, nyingine inaweza kulisha basbaa yote, lakini baada ya mitambo isiyo ya lazima kuondolewa.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Ukaguzi wa fezi na wa kundi la vekta ulifanywa vizuri, nao uliepusha ajali ambayo ingetokea papo hapo. Kengele ya joto la mafuta ilikuwepo na ilifanya kazi. Mafundi walipima na kuandika, na bila kitabu chao cha kazi zile volti 6 zisingepatikana tena baada ya tukio.

Kilichoshindikana zaidi ni fomu ya mapokezi. Iliuliza impidansi lakini haikumtaka mtu afanye nayo chochote, na haikuuliza kabisa nafasi ya tapu. Fomu ya sasa ina mistari ya kuhesabu kikomo cha jozi, mkondo wa mzunguko na mkondo wa shoti, na sahihi ya mhandisi inahitajika chini ya kila jibu. Pia inadai kipimo cha uwiano wa koili katika nafasi ya tapu itakayotumika, kwani transfoma iliyokwishatumika huja na mipangilio ya mahali ilikotoka.

Kuna viwanda vinavyotumia transfoma tatu za fezi moja kama seti moja ya fezi tatu, na mantiki hii inavihusu pia, ingawa kwa sura nyingine. Seti ikiwa delta (koili zimeungwa kwa umbo la pembetatu) pande zote mbili, kubadilisha transfoma moja kwa nyingine yenye impidansi ndogo huifanya hiyo ichukue zaidi ya fungu lake, na tofauti ya uwiano huzungusha mkondo ndani ya delta bila mzigo wowote. Seti ikiwa delta kwa nyota yenye nyutro, kila moja hubeba fezi yake, na kutolingana hujitokeza kama volti zisizo sawa kati ya fezi.

Breka ya B imeshushwa kutoka ampea 1,250 hadi ampea 900. Ya A, iliyokuwa imewekwa kwenye ampea 1,600, sasa iko kwenye 1,440.